Kwa nini Starlet ya mjomba imenipa raha kuliko Crown ya V6? Wapenda magari njooni hapa

#1 Kona_ya_Soni
Wakuu heshima mbele.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Lushoto kwenye harusi ya binamu. Shemeji akanipa Crown Athlete yake, GRS180, V6 (injini ya silinda sita) ya cc 2,500, nguvu ya farasi 215. Kiti kama sofa, AC inakata mifupa, ndani kimya mpaka unasikia saa yako ya mkononi. Kutoka Chalinze mpaka Mombo sikumbuki hata kona moja. Segera nilisimama kununua kahawa, si kwa hamu, ni kwa usingizi.

Kesho yake mjomba akaniambia nishuke Mombo na Starlet yake kuchukua kreti za soda. EP82, cc 1,331, manuali, haina pawa steringi. Mlango wa abiria unafungwa kwa kubembelezwa. Sasa nikaanza kushuka kutoka Soni, gia ya pili, ya tatu, napangua narudi ya pili, kona ya kushoto mwamba, ya kulia korongo. Wakuu, nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Na spidi haikuzidi 50! Nilipofika Mombo nilitamani nigeuze nipande tena kabla hata ya kupakia soda.

Swali langu: ni nini hasa kinachofanya gari liwe na raha kuendesha? Nguvu siyo, maana Crown inazo. Au ni mimi nina kasoro? Nauliza kwa sababu nina milioni 16 na nataka kununua gari langu la kwanza la raha, si la kwendea kazini tu.

#2 Abiria_wa_Dirishani
Naweka kambi. Wajuzi waje.

#3 Difu_Nyuma
Jibu ni moja tu mkuu, tairi za nyuma ndizo zisukume. Mbele kazi yake kukata kona, nyuma kazi yake kusukuma, kila mtu na jembe lake. Ukichanganya kazi zote mbili kwenye tairi za mbele usukani unachanganyikiwa. Kwa milioni 16 chukua Altezza. Farasi 210, gia sita, kichwa cha injini kimefanyiwa kazi na Yamaha. Funga uzi.

#4 Mama_Swift
Difu_Nyuma umesoma uzi au umeona neno "raha" ukakimbilia kuandika? Starlet inavuta mbele.

#5 Difu_Nyuma
Hahaha nimeshikwa. Basi fikiria ingekuwa inasukuma nyuma, si angelia badala ya kucheka?

#6 Fundi_Gerezani
Kwanza turekebishe hapo #3 kabla kijana hajapigwa. Altezza ziko mbili. Ile yenye farasi 210 na gia sita ni SXE10, injini 3S-GE, silinda nne. Nyingine ni GXE10, injini 1G-FE ya silinda sita, farasi 160. Mjini hapa ukiona Altezza kumi, nyingi ni hiyo ya pili, tena oto. Muuzaji atakwambia "Altezza ni Altezza tu". Fungua boneti usome mwenyewe.

Nikipata nafasi jioni nitaandika kuhusu swali lenyewe, sasa hivi nipo chini ya Noah ya mtu.

#7 Kijana_Ruwi
Asalaam alaykum. Nipo Maskati. Hapa vijana raha yao ni Nissan Patrol iliyofunguliwa injini ikapandishwa kwenye mchanga. Mimi nilidhani ni ujinga mpaka siku niliyopelekwa Sharqiya. Unapunguza upepo wa tairi mpaka psi 15 hivi, tairi linatandaa kama mguu wa ngamia, halafu unapanda mlima wa mchanga bila kujua ng'ambo kuna nini. Ukiondoa mguu kidogo tu umezama. Ukizidisha unaruka. Wallahi moyo unapiga kuliko barabara yoyote ya lami. Na Patrol ni zito, si jepesi. Kwa hiyo wale wanaokuja kusema uzito ndiyo siri, nawasubiri.

#8 Kilo_Chache
Nimefika Kijana_Ruwi, usisubiri sana.

Tupige hesabu. Crown ni kama kilo 1,600, farasi 215. Kila farasi mmoja anabeba kilo saba na kitu. Starlet EP82 ni kama kilo 800, na kama ni ile ya EFI (mafuta yanaingizwa kwa kompyuta) farasi ni mia hivi. Kila farasi kilo nane. Kwenye karatasi Crown inashinda! Kwa hiyo wanaosema raha ni uwiano wa nguvu na uzito hesabu inawakataa.

Siri ni uzito wenyewe. Kilo 800 ukikanyaga breki zinasimama, ukikata kona zinageuka, ukibadili mawazo katikati ya kona nazo zinabadili. Kilo 1,600 ukibadili mawazo inabidi uziandikie barua kwanza. Mazda walilijua hili. Mwaka 1989 walipotoa MX-5, dunia nzima ikihangaika na turbo, wao wakaweka injini ya 1.6 ya kawaida kwenye kigari kisichofika tani moja. Wanao msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Ilipofika 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja.

#9 Msambaa_Asilia
Kona_ya_Soni samahani nakucheka. Hiyo barabara mimi nimepita miaka tisa na Noah yenye watu kumi na moja, kabichi juu, karoti chini ya viti na kuku mmoja ambaye hajulikani wa nani. Kona zote nazijua kwa majina. Sijawahi kucheka hata siku moja. Raha gani hiyo?

#10 Kona_ya_Soni
Msambaa_Asilia hahaha shikamoo kaka. Labda nilikuona.

#11 Msambaa_Asilia
Marahaba. Kama ulipigiwa honi kona ya pili juu ya maporomoko ya Soni ukiwa umekaa katikati ya barabara na kigari cheupe, basi tulionana.

#12 Kona_ya_Soni
Cheupe, ndiyo... tuendelee na mada wakuu.

#13 Kiambu_Boxer
Niaje wadau. Mnazungumza kilo na farasi, hakuna aliyetaja mlio. Gari ni sikio bwana. Ukiwasha EJ20, injini ya Subaru, asubuhi, ule mngurumo wa kuyumbayumba, dugu-dugu-dugu, jirani ameamka, mbwa amebweka, wewe umeshafurahi na hujatoka getini. Nina Impreza, nikishuka Mai Mahiu nafungua dirisha hata kukiwa na baridi ya kuua, kwa sababu ya ukuta wa mwamba. Mlio unagonga ukuta unarudi. Crown ya shemeji wako ni kimya, ndiyo ulilala.

Altezza huku Kenya tusahau, sheria ya kutoagiza gari lililozidi miaka minane haituruhusu tena. Zilizopo ndizo hizo, na wenye nazo wanajua.

#14 Fundi_Gerezani
Kiambu_Boxer huo mlio si wa injini ya bapa (silinda zimelala pande mbili) kwa ubapa wake, watu wengi hukosea hapo. Unatokana na mabomba ya ekzosi. Upande mmoja marefu, upande mwingine mafupi, kwa hiyo milipuko inafika kwenye sailensa kwa kupishana. Legacy ya turbo ya 2003 ya Japan wakaweka mabomba ya urefu sawa, injini ikapumua vizuri zaidi, na mlio ukapotea.

#15 Kiambu_Boxer
Ndiyo maana wasee wakainunua wakabadilisha mabomba kurudisha ubovu wake. Umenipa hoja fundi. Watu walilipa pesa gari lao lipumue vibaya ili lilie vizuri. Raha si uhandisi.

#16 Mkonga_Sumbawanga
Mnanichekesha. Njooni mshuke bonde la Rukwa kwenda Muze wakati wa masika na Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda juu. Injini 1HZ, cc 4,164, haina turbo, usukani mkubwa kama sinia la pilau, unazungusha robo nzima ndiyo gari linaanza kufikiri. Kwa vigezo vyenu vyote hilo ni gari bovu kuendesha. Zito, polepole, mlio wa mashine ya kusaga. Lakini ukitoka kwenye tope la kufika mlangoni, ukiwa umechagua mwenyewe hili shimo nalipita kushoto, hili napita katikati, ukatoka upande wa pili, hakuna Altezza itakayokupa hiyo.

#17 Difu_Nyuma
Mkonga inasukuma nyuma kabla hujafunga ya mbele. Nashukuru kwa kuniunga mkono.

#18 Mkonga_Sumbawanga
Sijakuunga popote.

#19 Fundi_Gerezani
Sasa nimekaa. Samahani kwa urefu.

Mimi nabadilisha vitu vya chini ya magari kila siku, na kila gari nikimaliza lazima nikalijaribu barabarani. Nimeshaendesha karibu kila kitu kilichoingia bandarini. Jibu langu ni usukani, na nitaeleza kwa nini.

Tairi la mbele likikata kona linajikunja kidogo pale linapogusa lami. Ule mkunjo unataka kujinyoosha, unavuta taizirodi (fimbo inayoshika tairi), taizirodi inavuta reki (chuma chenye meno kinachozungushwa na usukani), reki inavuta mikono yako. Ndiyo maana ukiachia usukani ukiwa unatembea unarudi wenyewe katikati. Kadiri unavyoongeza kona, ndivyo usukani unavyokuwa mzito mkononi. Halafu kuna siku utasikia kitu cha ajabu: kona inaongezeka lakini usukani unakuwa mwepesi. Hapo tairi linakwambia, "bosi, nakaribia kuachia." Linakwambia kabla halijaachia. Ukiwa na gari linalofikisha huo ujumbe, unaendesha huku unaongea na barabara.

Starlet isiyo na pawa steringi, rimu 13, tairi nyembamba, hakuna kitu katikati ya lami na kiganja chako isipokuwa vyuma. Ujumbe wote unafika, hata wa kokoto. Ukiweka pampu ya mafuta, ujumbe unapungua kidogo. Ukiweka mota ya umeme, inategemea aliyeitengeneza. Nyingi za mwanzo zilikuwa kama kuendesha gari kwa simu. Halafu ongeza rimu 19, bushi laini, kioo mara mbili, umemfungia dereva chumbani.

Sasa la muhimu. Robo tatu ya magari ninayoletewa yakiambiwa "gari hili halina raha" yana bushi zilizokatika, shokapu zimevuja miaka miwili iliyopita, na tairi nne za kampuni nne. Mtu anauza gari anasema ni bovu kuendesha, kumbe hajawahi kuliendesha lenyewe. Aliendesha uchakavu wake.

#20 Abiria_wa_Dirishani
Fundi hii post niiprinti nibandike ukutani. Asante.

#21 Mama_Swift
Fundi nakubali nusu. Swift Sport yangu ZC31S ina usukani wa umeme na bado inaongea. Injini 1.6, farasi 125, gia tano, kilo elfu moja na kidogo. Raha yangu mimi haipo kwenye usukani, ipo kwenye miguu na mkono wa kushoto. Unaijia kona, kidole cha mguu kwenye breki, kisigino kinagusa mafuta kidogo injini ipande, klachi, gia ya pili inaingia kama kisu kwenye siagi, hakuna mtikisiko. Ukiipatia mara moja kati ya tano siku yako imekamilika. Ukiikosea gari linakutingisha kama mzazi anayekuamsha.

Ni ufundi. Kama kusuka ukili. Crown inakufanyia kila kitu halafu inataka ufurahi.

#22 Boda_Mzoefu
Mimi wa pikipiki ya Boxer napita tu. Mnatumia milioni 16 kutafuta kitu ambacho mimi nakipata kwa tairi mbili. Tena napata na upepo.

#23 Mama_Swift
Na mvua ya Aprili unaipata pia, usisahau kuihesabu.

#24 Mpwa_wa_Bonn
Salaam kutoka Ujerumani. Nataka kumsaidia Kona_ya_Soni kwenye swali la "spidi haikuzidi 50", maana naona wengi wamelipita.

Huku kuna sehemu za Autobahn zisizo na kikomo. Mara ya kwanza nilipofika 200 nilitetemeka. Mara ya kumi nilikuwa nafikiria nitapika nini. Spidi inazoeleka haraka mno. Halafu rafiki yangu akanipeleka Nürburgring, ile njia ndefu ya Nordschleife, km 20.8, kona zaidi ya 70. Pale kando kuna wanaokodisha magari ya kuzungukia. Nilitegemea kuona Porsche tu, kumbe vijana wengi wanakodi Suzuki Swift! Nikauliza kwa nini. Akaniambia kwa Porsche mgeni hawezi kufika hata nusu ya uwezo wake bila kufa. Kwa Swift unafika kwenye ukingo ukiwa bado hai.

Kwa hiyo jibu langu: raha ipo pale uwezo wa gari na uwezo wako vinapokutana. Starlet kwa 50 pale Soni imeshatoa karibu kila ilichonacho. Crown kwa 50 imelala. Toyota wenyewe walilifanya makusudi kwenye GT86 ya 2012. Gari la michezo, farasi 200, wakalivisha tairi za aina ile ile iliyokuwa kwenye Prius. Prius! Ili liteleze mapema, ufurahi mapema.

#25 Difu_Nyuma
GT86 inasukuma nyuma. Naandika tu kwa kumbukumbu.

#26 Kilo_Chache
Na ina kilo 1,200 na kitu tu. Naandika tu kwa kumbukumbu pia.

#27 Mama_Swift
Mpwa_wa_Bonn umenifanya nijione nimevaa taji. Asante mwanangu.

#28 Mzee_wa_504
Vijana habari zenu. Nimewasoma wote. Mnazungumza kama vile raha ya gari ilianza na Altezza. Sisi tulikuwa watoto tunakaa kando ya barabara ya vumbi kusubiri Safari Rally ipite. Hiyo ilianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda mara tano, na ushindi wake wa kwanza 1965 alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha tumika, mtumba kama magari yenu haya. Gari la mviringo kama kobe. Ukimuuliza kuhusu farasi angekucheka. Mtu ndiye raha, gari ni chombo.

#29 Kiambu_Boxer
Shikamoo mzee. Nakusahihisha kidogo tu kwa heshima. Joginder alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Hizo mbili za mwisho kwa Mitsubishi Lancer. Aliyeshinda mara tano ni Shekhar Mehta, na Datsun, minne kati ya hiyo mfululizo 1979 mpaka 1982. Mengine yote uko sawa, hata Volvo.

#30 Mzee_wa_504
Marahaba mwanangu. Kweli, Mehta. Uzee. Lakini Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978, hapo usinisahihishe.

#31 Kiambu_Boxer
Hapo sigusi mzee wangu. Na Patrick Njiru 1993 alikuwa na Subaru Vivio. Cc 660! Colin McRae, yule dereva maarufu wa rali, naye alipewa Vivio mwaka huo huo hakumaliza, Njiru akamaliza. Kilo_Chache furahi.

#32 Kilo_Chache
Nimefurahi mpaka nimesimama.

#33 Paka_Mkimya
Naomba nitie maji baridi kidogo. Mdogo wangu alikuwa na Mark II ya turbo, mpenda raha kama ninyi. Alikuwa anawahi kona za Sekenke saa za usiku eti hakuna watu. Lilikuwepo lori limeharibika, halina pembetatu wala taa, wameweka matawi tu. Yupo hai, mguu mmoja haukunji. Sisemi msiendeshe. Nasema kona usiyoiona mwisho wake si ya kuchezea, hata gari liongee na wewe vipi. Lori halikuwa kwenye mazungumzo.

#34 Kona_ya_Soni
Pole sana Paka_Mkimya, na pole kwake. Nimekusikia.

#35 Msambaa_Asilia
Pole dada/kaka. Na ndiyo maana nilikupigia honi wewe #1.

#36 Umeme_Juu
Nimechelewa. Hakuna aliyetaja magari ya umeme? Nguvu yote toka sekunde ya kwanza, hakuna kusubiri turbo, betri ipo chini kabisa kwa hiyo gari halilali kwenye kona. Hyundai Ioniq 5 N inafika farasi 650 ukibonyeza kitufe. Hayo ya gia na mlio ni mazoea ya wazee.

#37 Mama_Swift
Hiyo hiyo Ioniq 5 N waliiwekea gia za uongo na mlio wa kwenye spika. Gari halina gia hata moja ya kubadili, wakatengeneza programu ya kuigiza mtikisiko wa kubadili gia. Kama ni mazoea ya wazee, mbona vijana wa Hyundai wamehangaika hivyo?

#38 Kilo_Chache
Na tani mbili na ushee. Mimi nimemaliza.

#39 Umeme_Juu
Mtakuja tu. Wese likipanda tena mtanitafuta.

#40 Basi_la_Alfajiri
Mimi ni dereva wa basi, njia ya mikoani, miaka kumi na minne. Nimewasoma hapa nikisubiri abiria. Msambaa_Asilia amesema jambo mkapita mnacheka. Yeye anapita kona zile zile, na gari linaloinama kweli kweli, usukani anaushika kuliko ninyi wote, na hafurahi. Mimi napita Kitonga mara nne kwa wiki, kushuka na mzigo, naipangua gia mapema, naisikiliza injini, breki naihifadhi kama akiba ya benki. Hayo yote mnayoyaita raha ninayo. Siyaiti raha kwa sababu kuna ratiba, kuna tochi za trafiki, kuna watu hamsini na saba nyuma yangu.

Lakini nikiwa narudisha basi tupu gereji saa saba za usiku, kilomita sita tu, hakuna abiria, hakuna anayeniuliza tutafika saa ngapi, basi lile lile... basi nami huwa napiga mluzi.

#41 Abiria_wa_Dirishani
Basi_la_Alfajiri umeniliza asubuhi asubuhi.

#42 Fundi_Gerezani
Dereva, basi tupu limepungua tani kadhaa, springi zinacheza, usukani mwepesi. Bado ni ufundi tu hapo.

#43 Basi_la_Alfajiri
Fundi acha ubishi. Nakuja Alhamisi unicheki bushi za IST ya mke wangu.

#44 Paka_Mkimya
Swali kwa mwenye uzi. Ulijifunzia gari gani kuendesha?

#45 Kona_ya_Soni
...Starlet. Hiyo hiyo. Mjomba alinifundishia uwanja wa shule nikiwa kidato cha pili.

#46 Difu_Nyuma
HAHAHAHA. Post 44 tunajadili reki na taizirodi, kumbe ni mapenzi ya utotoni.

#47 Paka_Mkimya
Ndicho nilichohisi. Mkono wake ulikuwa unakumbuka.

#48 Mzee_wa_504
Hapana, hilo nakataa. Mimi nilijifunzia Bedford ya ushirika, klachi inataka mguu wa tembo. Nikiiona leo goti linauma. Ingekuwa ni kumbukumbu tu ningeipenda Bedford.

#49 Mkonga_Sumbawanga
Mzee amepiga penyewe.

#50 Kona_ya_Soni
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jumamosi nilikwenda kuona Altezza moja, tangazo limeandikwa "210HP full sport". Nikafungua boneti kama alivyosema Fundi #6. 1G-FE, na gia ni oto. Nikamwonyesha muuzaji, akasema "kaka Altezza ni Altezza tu". Neno kwa neno! Nikaiendesha hata hivyo, mtaa mzima wa matuta. Usukani ulikuwa unakwenda kushoto wenyewe na kuna kitu kinagonga chini kulia. Sikucheka.

Halafu nikaendesha Vitz RS ya jamaa wa kazini, 1.5, gia tano. Hapo nilicheka kidogo. Si kama Soni, lakini nilicheka. Sijui nisemeje.

#51 Fundi_Gerezani
Inayogonga kulia ni boljointi au stabilaiza linki. Umefanya vizuri kuondoka.

#52 Difu_Nyuma
Vitz RS inavuta mbele lakini sitasema kitu.

#53 Mama_Swift
Umesema.

#54 Kilo_Chache
Mkuu, kwa nini usimwombe mjomba akuuzie hiyo Starlet na hela inayobaki Fundi aiweke sawa? Shokapu mpya, bushi zote, tairi nne za aina moja. Utabakiwa na chenji ya wese la mwaka.

#55 Fundi_Gerezani
Hilo ndilo neno. Ila msimwekee rimu 17, nitajua na nitakasirika.

#56 Kona_ya_Soni
Nimempigia mjomba sasa hivi. Amesema Starlet haiuzwi, hata kwa milioni 16, na mlango wa abiria asiguse mtu, ameshauzoea. Ila amesema kreti tupu za harusi bado zipo, zinatakiwa kurudishwa Mombo Jumamosi ijayo na yeye mgongo unamsumbua.

#57 Msambaa_Asilia
Kaa upande wako wa barabara.

#58 Difu_Nyuma
Kreti ni ngapi? Nipo Korogwe wiki hiyo, naweza kukushikia.